Jinsi ya Kusimama Foleni Magic Kingdom Ukiwa na Mtoto wa Miaka Miwili: Mwongozo Kamili

Kila likizo ya shule inapomalizika, jamaa na marafiki wanaoishi huku Marekani hunipigia simu kunisimulia safari yao ya Orlando, na kisa huwa ni kile kile, majina tu ndiyo yanayobadilika. Familia imeendesha gari usiku kucha kutoka Georgia au Tennessee, imelipa fedha nyingi ili kuingia Magic Kingdom, bustani kongwe kuliko zote nne za Walt Disney World, na kumbukumbu waliyorudi nayo ni ya mtoto wa miaka miwili aliyejilaza chini katikati ya foleni akilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja tu, yaani foleni. Hoteli, tiketi na chakula cha jioni utavitafutia ushauri mahali pengine. Mtoto wa umri huo hana kipimo cha dakika, kwa hiyo kumwomba avumilie ni kumwomba kitu asichokuwa nacho. Kinachowezekana ni mzazi kuifupisha foleni, kuihamishia saa nyingine, au kuigawa vipande vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvimaliza kimoja baada ya kingine.

Neno "bembea" nitalitumia kwa kila chombo cha kupanda humo bustanini, hata kikiwa mashua au treni.

## Vifaa vya kuandaa

Kanga mbili. Hiki ndicho kifaa ninachokisisitiza kuliko vyote. Vigari vya watoto haviruhusiwi ndani ya foleni. Huachwa kwenye maegesho yake nje ya kila bembea, na kuanzia hapo mtoto yuko mikononi mwako. Mkono huchoka baada ya dakika kumi, lakini mgongo wenye mbeleko hauchoki haraka hivyo. Kanga ya pili ni ya kutandika chini, kufuta na kujikinga na kiyoyozi.

Kigari chenye kiti kinacholala. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Magari ya kukokota kwa mpini yenye umbo la toroli yamepigwa marufuku, hata yale yanayouzwa kwa ajili ya watoto. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, kwa sababu wafanyakazi huvipanga upya vigari mnapokuwa ndani na hutakikuta pale ulipokiacha.

Vitafunio katika vifuko vitatu vidogo, wala si kifuko kimoja kikubwa. Chapati iliyokatwa vipande vyembamba, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi na biskuti zisizo na chokoleti hustahimili joto la Florida. Kuingia na chakula kunaruhusiwa, ila vyombo vya kioo na barafu ya vipande haviruhusiwi; gandisha chupa ya maji usiku na uitumie kupozea chakula.

Onyo: karanga, bisi, pipi ngumu, kashata na zabibu nzima zisiwemo. Mtoto aliye chini ya miaka minne anaweza kupaliwa navyo, na hatari huwa kubwa zaidi akila huku anatembea au anacheka. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, vipande vinne kila moja.

Kikombe chenye mrija. Maji ya baridi hutolewa bure kwenye migahawa ya kuagiza kaunta yenye mashine za vinywaji, kwa hiyo huna haja ya kubeba lita nyingi.

Nepi za kutosha kubadilisha kila baada ya saa mbili, na mbili za ziada, pamoja na vitambaa vyenye unyevu na nguo kamili za kubadilisha.

Vikaratasi vyenye gundi, vile vya ofisini vya kuandikia vikumbusho. Matumizi yake yamo katika hatua ya tano.

Vichezeo vidogo vitatu au vinne ambavyo mtoto hajawahi kuviona, kila kimoja kimefungwa uzi ili kikidondoka usilazimike kupita chini ya minyororo ya foleni kukifuata.

Ongeza kofia, losheni ya kukinga jua, pawabenki, na simu yenye programu ya My Disney Experience, ambayo huonyesha muda wa kusubiri kwa kila bembea. Pakua video fupi tatu au nne kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu intaneti katikati ya umati si ya kutegemea.

## Hatua ya 1: Mpime mtoto, kisha uchague bembea tano

Mpime akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. The Barnstormer inataka sentimita 89, Seven Dwarfs Mine Train 97, Tiana's Bayou Adventure 102, na Space Mountain 112. Mtoto aliyetimiza miaka miwili juzi mara nyingi hajafika hata kipimo cha kwanza. Wafanyakazi hupima mlangoni na hawasikilizi maombi, nao wana haki, kwa kuwa vizuizi vya kiti vimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho.

Sababu ya kufanya hivi nyumbani ni kwamba hakuna kilio kigumu kutuliza kama cha mtoto aliyeonyeshwa bembea, akaahidiwa, kisha akarudishwa mlangoni.

Zisizo na kipimo cha urefu ni nyingi: Dumbo the Flying Elephant, Prince Charming Regal Carrousel, "it's a small world", The Many Adventures of Winnie the Pooh, Peter Pan's Flight, Under the Sea, The Magic Carpets of Aladdin na PeopleMover. Chagua tano. Angalia pia kwamba kukosekana kwa kipimo hakumaanishi kwamba bembea inamfaa mtoto huyu; Haunted Mansion haina kipimo, lakini ni giza tupu na mizimu.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye majina matano, na hakuna hata moja litakalomfanya mtoto arudishwe mlangoni.

## Hatua ya 2: Fanyeni mazoezi kwenye foleni ya supamaketi

Wiki moja kabla ya safari, kila mnapofika kwenye foleni ya kulipia, mfundishe mtoto maneno mawili: "Hatua moja!" Watu wa mbele wakisogea, nyote wawili mnayatamka na kupiga hatua moja kubwa ya kuchekesha. Wakisimama, mnasimama wima kama mlingoti.

Mazoezi haya yanaonekana ya kipuuzi, lakini yanabadilisha kitu cha msingi. Mtoto ambaye hajafundishwa huona foleni ni kizuizi. Aliyefundishwa huiona ni mchezo wenye zamu, na kila mara foleni inaposogea anahisi yeye ndiye aliyeisogeza. Mara nne au tano zinatosha.

## Hatua ya 3: Hesabu foleni zilizoko kabla ya lango

Hapa ndipo familia nyingi huanza kushindwa bila kujua. Anayekwenda Magic Kingdom kwa gari lake haegeshi mlangoni. Huegesha kwenye kituo kiitwacho Transportation and Ticket Center, akapita ukaguzi wa mizigo, kisha akavuka ziwa kwa feri au akazunguka kwa treni ya reli moja, ndipo akalifikia lango. Kutoka mlango wa gari hadi ndani, tenga nusu saa hadi saa nzima.

Maana yake ni kwamba mtoto ameshapanga foleni mara tatu kabla hajaona bembea yoyote. Kwa hiyo asibanwe: mwache katika kigari wakati wote huu, na umfungulie kifuko cha kwanza cha vitafunio hapa hapa badala ya kukiweka akiba. Mimi hupendelea feri. Kigari hakihitaji kukunjwa, kuna upepo, na mtoto anaona maji. Treni ina kasi zaidi lakini watu hubanana.

Waliolala kwenye hoteli za Disney zenyewe wana nafuu mbili: basi lao hufika karibu na lango, na huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa hiyo, kwa mtu mwenye mtoto mdogo, ni mali. Itumie yote Fantasyland, sehemu ya bustani yenye bembea nyingi za watoto wadogo.

Utajua umefaulu mkipita langoni mtoto akiwa mkavu, ameshiba kiasi, na miguu yake haijatembea hata mita mia.

## Hatua ya 4: Isome foleni kabla hujaingia

Watu wengi hutazama kitu kimoja tu, namba ya dakika iliyoandikwa mlangoni. Namba hiyo ni makadirio, na haikuambii jambo ambalo mtoto analijali zaidi: je, foleni hiyo inatembea?

Kuna bembea zinazopakia watu bila kusimama. "it's a small world" hupeleka mashua moja baada ya nyingine, na Under the Sea ina viti vinavyopita mfululizo mbele ya abiria. Foleni zake husogea kidogo kidogo wakati wote, hivyo "Hatua moja!" inapata kazi. Dakika 25 katika foleni ya namna hii zinavumilika.

Nyingine hupakia kwa mikupuo. Dumbo, Carrousel na Magic Carpets hujaza, huzunguka, husimama, humwaga watu, kisha hujaza tena. Foleni inaganda kwa dakika kadhaa, halafu inaruka mbele kwa ghafla. Kwa mtu mzima hakuna tofauti. Kwa mtoto, kule kuganda ndiko kunakoanzisha vurugu.

Uzuri wa bembea za mikupuo ni kwamba unaweza kuzihesabu. Chukua Dumbo. Ina duara mbili, na kila duara lina tembo 16. Kwa kawaida familia moja ndogo huchukua tembo mmoja au wawili. Ukihesabu vikundi 30 mbele yako upande wako, jua kwamba una mikupuo miwili hadi minne ya kusubiri, na unaweza kumwambia mtoto jambo analoweza kuliona kwa macho: "Tembo hawa wakishuka, kisha wengine wakishuka, ndipo sisi." Hilo analielewa. "Dakika ishirini" halielewi.

Dumbo ina jambo jingine zuri. Kuna hema lenye kiyoyozi na vifaa vya kuchezea kwa ajili ya wanaosubiri, na linapokuwa limefunguliwa watoto hucheza humo wakati wazazi wanasubiri zamu. Muulize mfanyakazi mlangoni kama linafanya kazi siku hiyo, maana si kila wakati linatumika.

Swali la pili ni kivuli. Kipimo changu, ambacho nimekifikia kwa machozi ya watoto wawili, ni dakika 15 juani na dakika 30 kivulini, mradi foleni inasogea. Ikizidi hapo, tunapita. Saa ngumu kuliko zote ni kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Bembea za mtoto zenye foleni ya juani zipangwe kabla au baada ya hapo.

Kuhusu Peter Pan's Flight nitasema wazi: iacheni. Vyombo vyake ni vidogo, huchukua watu wachache kwa saa, na foleni yake huwa ndefu kutwa. Kama ni lazima, iwe ya kwanza kabisa asubuhi, au mlipie Lightning Lane Multi Pass, ile njia ya haraka ya kulipia ambayo wageni wa hoteli za Disney huweka nafasi siku 7 kabla na wengine siku 3 kabla. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hahitaji tiketi ya kuingilia wala hiyo njia ya haraka. Mnalipa watu wazima tu naye anaingia pamoja nanyi. Hata hivyo, kwa familia yenye mtoto mdogo peke yake, katika siku isiyo ya sikukuu, naona fedha hizo hazina kazi kubwa, kwa kuwa bembea nyingi za umri wake zina foleni fupi asubuhi.

Onyo la hali ya hewa: kati ya Juni na Septemba, Florida hupata ngurumo za alasiri karibu kila siku, na bembea za nje husimamishwa radi ikikaribia. Wingu likianza kujikusanya, usiingie foleni ya Dumbo. Nenda zilizo ndani.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu mambo matatu kabla ya kuvuka mlango: inasogea au inaganda, ina kivuli au haina, na zamu yetu ni baada ya nini.

## Hatua ya 5: Malizeni mambo ya mwili kwanza

Mtoto anayelia kwenye foleni mara nyingi halilii foleni. Amelowa, ana njaa, ana kiu au ana usingizi, na foleni ndiyo imemkosesha pa kukimbilia.

Badilisha nepi kabla ya kila foleni inayozidi dakika 15, hata kama bado ina nafasi. Kwa anayejifunza choo, mpeleke hata akikataa kwamba hana haja. Vyoo vingi vya umma huku hujisafisha vyenyewe kwa kihisio, na maji yakinguruma ghafla chini ya mtoto, hatakubali kukaa tena siku nzima. Hapo ndipo kikaratasi chenye gundi kinapoingia: kibandike juu ya jicho la kihisio, mtoto amalize kwa amani, apandishe suruali bila hofu, kisha ukibandue mkiwa mlangoni.

Mpe maji kidogo kidogo badala ya kikombe kizima. Chakula kiwe nusu ya kifuko, nusu nyingine inahitajika humo ndani.

Usingizi ndio uliowahi kuniumbua mimi mwenyewe. Katika bustani moja ya michezo ya jimbo jingine, nilijitia ushujaa nikaingia na binti yangu foleni ya dakika 50 saa saba na nusu mchana, wakati ambao nyumbani huwa amelala. Alihangaika dakika 40. Zilipobaki familia tatu mbele yetu alilala begani kwangu, kichwa kimening'inia, mate yakinitiririkia shingoni. Bembea ile ilitaka kila abiria akae mwenyewe. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikiwa nimelowa jasho, naye hakuamka mpaka saa kumi.

Kwa hiyo, kati ya saa saba na saa tisa mchana, usipange foleni yoyote. Laza kiti cha kigari, tafuta kivuli au jengo lenye kiyoyozi, mtoto alale. Onyo: usikifunike kigari chote kwa kanga ili kuzuia mwanga. Hewa ndani yake hupata joto haraka sana hata kama kitambaa ni chepesi. Tumia kivuli chake chenyewe na acha pande wazi.

Panapohitajika utulivu zaidi, kuna Baby Care Center mwisho wa Main Street, mtaa unaoanzia langoni, karibu na mgahawa wa The Crystal Palace. Pana vyumba vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi, viti vya kulishia na mahali pa kupashia chakula.

## Hatua ya 6: Gawaneni kazi mkiwa wawili au zaidi

Mmoja awe wa mtoto, mwingine awe wa mizigo, simu na kuongea na wafanyakazi. Msibadilishane katikati ya foleni ila kwa dharura, maana mtoto akigundua kwamba kila mzazi ana masharti yake, atahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Ikiwa watu wazima au kaka na dada zake wanataka bembea asiyoruhusiwa, tumieni utaratibu uitwao Rider Switch, ambao hauna malipo. Nendeni wote mlangoni mkiwa na mtoto, mwambieni mfanyakazi kwamba mnautaka. Kundi la kwanza hupanga foleni ya kawaida. Anayebaki na mtoto huandikishwa, na wenzake wakitoka, yeye huingia kupitia njia ya haraka bila kurudia foleni. Kosa la kawaida ni mama kukaa mbali kwenye benchi na mtoto, baba akaenda peke yake kuomba, akaambiwa amlete mtoto aonekane.

Mkiwa na bibi aliyekuja kutembea kutoka nyumbani, msimfanye mlezi wa kutwa kwa kisingizio kwamba yeye hapendi bembea. Carrousel ina mahali pa kuketi kwa wasiotaka farasi, na mashua za "it's a small world" zimetulia. Mpeni naye zamu yake.

Mzazi aliye peke yake aziruke bembea zote zenye kipimo cha urefu na ashike kipimo cha dakika 15 hata kivulini.

## Hatua ya 7: Ndani ya foleni, anza na silaha dhaifu

Kosa kubwa kuliko yote ni kutoa simu dakika ya pili. Simu ikishatoka, hakuna kitu kingine kitakachomfurahisha, na mkifika mbele itabidi umnyang'anye. Utaratibu ninaoufuata unaanza na kilicho dhaifu na kumalizia na kilicho na nguvu.

Mwanzo, mtoto akiwa mgongoni, tumieni mahali penyewe. Mwonyeshe taa, picha, viatu vya watu. Mwambie atafute rangi nyekundu. Winnie the Pooh imetengenezwa kwa kuzingatia hili: kuna vitu vya kugusa na kupiga, na kuta za asali ambazo mtoto huzichora kwa viganja. Mwache acheze, na ukiona watu wa nyuma wanasubiri wakati foleni imeshasonga mbele, wapishe tu. Familia mbili zikiwapita, hamjapoteza zaidi ya dakika moja.

Akianza kujinyonganyonga, mshushe. Sasa ni michezo ya mwili: "Hatua moja!", kusimama kwa mguu mmoja, kuficha uso kwenye kanga na kutokea. Vidole navyo vina kazi. Shika mkono wake, ukibonyeze kila kidole kwa jina, gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha umtekenye kiganjani bila taarifa. Atakupa mkono wa pili mwenyewe. Sijawahi kuona mchezo huu ukishindwa kuleta dakika nne.

Kisha kichezeo kipya, kimoja tu. Kikichosha, kinarudi mfukoni ndipo cha pili kitoke.

Baada ya hapo ni chakula, na hapa kuna ujanja: usimpe kifuko. Mpe kipande kimoja cha chapati kila mnapofika kwenye kona. Njia za foleni zimekunjwakunjwa kwa minyororo na kona ni nyingi; mtoto ataanza kuitazama kona inayofuata mwenyewe, naye atakuvuta mkono muifikie.

Simu ni ya mwisho, foleni ikiwa imepita zaidi ya nusu na vingine vyote vimeisha. Video ziwe fupi zinazoisha zenyewe. Sema kabla ya kubonyeza: "Hii ikiisha, simu inalala." Ikiisha, simu inaingia mfukoni mwa mwenzako, wala si mkononi mwako ambako anaiona.

Onyo mbili. Usimkalishe mtoto juu ya mnyororo au reli hata kwa sekunde chache za picha. Minyororo huyumba, na vidole hunaswa kwenye pete zake. Pia, mtoto anayetembea asitangulie zaidi ya urefu wa mkono wako, hata kama njia imezungushiwa uzio, kwa sababu anapenya chini mahali ambapo wewe hupiti.

Utajua umefaulu ukifika mbele ukiwa bado na silaha moja ambayo hukuitumia.

## Hatua ya 8: Akilipuka, fuata kanuni ya dakika mbili

Chuchumaa uso wako ulingane na wake. Mtoe juani, mpe maji, mfunge mgongoni, nyamaza. Maelezo hayasaidii wakati huu. Sauti yako inamwongezea kelele tu. Hesabu dakika mbili kwa saa, si kwa kukisia, kwani ukiwa umezungukwa na macho ya watu kila sekunde huonekana ndefu.

Zikipita na bado analia vile vile, tokeni. Sema samahani kwa walio nyuma, rudi ulikotoka, au mwombe mfanyakazi akuonyeshe njia ya kutokea. Dakika 20 ulizosimama zimekwisha kupotea ubaki au uondoke. Kinachobaki kuokoa ni alasiri. Usimtishie kwamba "tutarudi nyumbani" ikiwa hamrudi, na usimwahidi zawadi akinyamaza, kwa sababu foleni inayofuata atalia mapema ili bei ianze kujadiliwa.

Ikiwa ni haja ya choo tu, mwambie mfanyakazi aliye karibu kabla ya kutoka na umuulize mtarudije. Usitegemee kwamba mwenzako atashika nafasi nawe utapenya katikati ya watu ukirudi na mtoto. Hilo huleta ugomvi.

## Hatua ya 9: Familia tatu mbele yenu

Hapa shughuli zote zinasimama. Fungua mbeleko na umhamishie mtoto mbele, maana hawezi kuketi akiwa mgongoni, na kufungua mafundo ukiwa umeshafika kwenye chombo huchelewesha kila mtu. Vichezeo na simu viingie mfukoni. Mwambie atakaa wapi na nani, kwa sentensi moja.

Kwenye mashua, mtu mzima mmoja aingie kwanza na kuketi, wa pili amkabidhi mtoto. Kwenye PeopleMover mnapandia mkanda unaotembea, kwa hiyo mbebe. Usimwache akanyage mwenyewe. Kwenye Dumbo, funga mkanda kabla hajashika kile kishikio cha kupandisha tembo, kwa sababu akishakishika hatasikia lingine.

Akikataa kupanda dakika ya mwisho, usimlazimishe. Mwambie mfanyakazi, naye atawaonyesha mlango wa kupita upande wa pili.

Mkishuka, neno la kwanza litakuwa "Tena!" Tazama namba mlangoni kabla ya kujibu. Ikiwa bado ni asubuhi na inasomeka dakika 5 au 10, badilisha nepi, jaza kikombe maji, mrudi mle mle. Futa jina moja kwenye karatasi yako. Nne zilizobaki zinatosha hadi saa saba. Kisha tafuta kitambaa cha rangi kwenye maegesho ya vigari, kwani kigari hakika kimehamishwa.